Koni za Gurudumu la Nyuma: Kutoka Kiogoro hadi Ikonge na Kurudi

Niliondoka Kiogoro Ijumaa asubuhi kwa sababu siku moja kabla, wanafunzi wa shule moja ya bweni kule Nyanchwa walikunywa chai ya rangi, na chanzo chake kilikuwa kipande cha chuma kisichozidi kizibo cha soda.

Baba mdogo Ombati, ndugu wa baba yangu, ni mbeba maziwa. Kila alfajiri kina mama kumi na mmoja wa upande wetu wa Kiogoro husimama kando ya barabara na majagi yao, mvuke ukipanda. Yeye hupita na baiskeli yake, moja ya zile nyeusi nzito tunazoziita blakmamba, akimimina jagi baada ya jagi ndani ya makopo mawili yaliyofungwa nyuma. Kisha hushuka na kupanda mpaka jikoni mwa shule. Ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, na nyumba kumi na moja zinaitegemea.

Alhamisi ile, kwenye mteremko, gurudumu la nyuma lilianza kuyumba, kisha likatoa sauti ya mawe yanayosagana. Aliisukuma baiskeli njia nzima iliyobaki na kufika saa tatu, wakati wanafunzi walikuwa wameshaingia madarasani na tumbo la chai nyeusi. Mpishi mkuu, mama anayeitwa Bosibori, alimpokea mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Mzee, mimi nakuheshimu," alimwambia. "Lakini siwezi kuwapikia watoto heshima. Kesho na wikendi nitajipanga. Jumatatu, saa moja asubuhi, maziwa yasipokuwa hapa mlangoni nitachukua ya yule wa pikipiki, na nitachukua yake siku zote."

Yule wa pikipiki huleta maziwa kutoka kwingine kabisa. Kwa hiyo si baba mdogo peke yake ambaye angebaki barabarani.

Jioni ile alilifungua gurudumu uani akanionyesha ugonjwa wake. Katikati ya gurudumu, pale spoku zote zinapokutana, kuna habu. Ndani ya habu unapita mhimili, chuma chembamba chenye hesi, mikato ya kufungia nati, kila upande, na kwenye kila upande kuna koni inayozibana goroli ili zizunguke bila kutoka. Koni za baba mdogo zilikuwa zimeliwa. Zilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga.

"Kesho mimi nitatembea na kopo moja kichwani, nipeleke kwa hoteli angalau yasimwagike yote," alisema. "Wewe Moraa nenda mjini. Na usikubali kuuziwa gurudumu zima. Hayo mapya spoku zake ni chache, na makopo mawili kwa hizi milima zetu yatalikunja wiki ya kwanza. Tafuta koni za hii hii."

Nilimwambia ningerudi kabla ya chakula cha mchana. Nilisema hivyo kwa moyo mwepesi wa mtu ambaye hajawahi kununua koni.

Saa tatu asubuhi, Kisii mjini. Mji ulikuwa umeamka na hasira zake za kawaida, honi, matope ya mvua ya usiku, mikungu ya ndizi ikishushwa kila upande. Nilikuwa nimelivaa gurudumu begani kama mkoba, mkono ukipita kati ya spoku. Duka la kwanza la vipuri lilikuwa limepambwa kwa tairi za pikipiki kuanzia sakafuni hadi darini. Muuzaji alilitazama gurudumu, kisha akatazama nyuma yangu, akamuuliza mwanamume aliyekuwa anasubiri zamu yake:

"Bosi, huyu dada mko pamoja?"

"Hapana, mimi nataka kioo cha pikipiki."

Ndipo akanigeukia mimi. "Dada, nani amekutuma?"

"Gurudumu limenituma. Nataka koni za nyuma, mbili."

"Koni hatuuzi. Tunauza gurudumu."

"Gurudumu ninalo. Nimelivaa."

Yule wa kioo alicheka. Muuzaji hakucheka. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mtoto kwa nini hawezi kupewa kisu, kwamba siku hizi mtu hanunui vitu vidogo vidogo. Kitu kikiharibika, unanunua kizima. Nikamuuliza kama jino lake likioza atanunua kichwa. Yule wa kioo alicheka tena, safari hii mpaka akaegemea kaunta, nami nikatoka na ushindi wangu na mikono mitupu.

Duka la pili lilikuwa na koni. Hapo ndipo kosa la siku lilipofanyika. Kijana wa dukani, mwenye kucha safi kupita kiasi kwa kazi ile, alimwaga koni nyingi kwenye kaunta, akachukua moja bila kuipima na kuanza kuifunga kwenye mhimili wa baba mdogo. Ilizunguka mara mbili ikasimama.

"Si saizi yake," nilisema.

"Hii ni saizi ya kila mtu, madam."

"Imesimama."

"Inataka kubembelezwa tu." Akachukua spana ndefu, akaibana habu kati ya magoti na kuvuta. Nilisikia chuma kikilia. Ni sauti ndogo, nyembamba, lakini mtu yeyote aliyeishi na kitu kinachofanya kazi anaielewa. Nilimnyang'anya gurudumu. Koni ilikuwa imeng'ang'ania upande, imepinda kama kofia ya mlevi, na chini yake hesi za mhimili zilikuwa zimekwanguka zikang'aa.

"Imeingia!" alisema kijana.

"Imeingia wapi? Imekwama!"

"Sasa kukwama si ndiyo kuingia?"

Baiskeli hizi ndizo zilizobeba ndizi, magunia ya mahindi, wagonjwa na mabibi harusi juu ya milima hii kabla ya lami kufika, na leo mtu anayeuza sehemu zake hajui hata hesi moja hutofautianaje na nyingine. Kwake chuma chochote chenye tundu ni dawa ya chuma chochote kilicho na ncha. Aliitoa koni ile kwa nyundo, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye rundo imsubiri mteja mwingine.

Saa tano. Nilikuwa nimepita maduka matano. Kwenye mawili niliambiwa vyuma vya blakmamba vyote viliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nje ya duka la mwisho, mama mmoja aliyeuza nati na bolti kwenye trei aliliona gurudumu akaniita kwa Ekegusii. Alichungulia ndani ya habu kwa jicho moja kama anayechungulia chungu.

"Hiyo mjini hupati," alisema. "Peleka Ikonge, kwa Mzee Onchari. Yeye hajatupa kitu tangu Uhuru. Lakini enda haraka mwanangu, leo ni Ijumaa."

Nilimshukuru kwa yote isipokuwa maneno yale matatu ya mwisho, ambayo sikuyasikia. Niliyasikia kwa masikio lakini nilikuwa na shughuli nyingine kichwani. Badala ya kwenda moja kwa moja kutafuta gari, nilirudi kwa yule kijana wa kucha safi. Nilitaka akiri kwamba ameuharibu mhimili. Tulibishana kwa saa nzima. Meneja aliitwa, meneja alikwenda kula, meneja alirudi. Mwishoni alinipa kalenda ya duka iwe pole. Niliiacha kwenye kaunta.

Saa nane na nusu mchana, Nyamira. Sitasema mengi kuhusu barabara maana niliipita nikiwa nimefumba macho, nikimtungia yule kijana majibu. Nyamira nilipanda pikipiki ya kunipeleka Ikonge. Dereva alikuwa mcheshi wa kuudhi.

"Siste, hiyo ndiyo spea yetu tukipata pancha?"

"Endesha."

"Ama unahama na usukani wako?"

"Ndugu, endesha."

Kupita Nyamira, nchi hubadilika taratibu mpaka unashtuka imebadilika. Migomba inapungua, na majani chai yanashika vilima vyote, yamepunguzwa usawa mmoja, kijani kibichi kinachong'aa kana kwamba kimeoshwa kisha kikapangwa. Wachumaji walikuwa wanatoka mashambani na vikapu mgongoni. Nilishangaa kwa nini wanatoka mapema hivyo. Hata hilo halikunizindua.

Saa kumi na robo, Ikonge. Mzee Onchari alikuwa mlangoni mwa kibanda chake cha mabati akifunga kufuli. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyoingiwa na weusi wa grisi usiotoka tena. Juu ya mlango zilining'inia rimu tupu kama hereni kubwa. Nilikimbia hatua za mwisho.

"Tata!" nilimwita, ndivyo tunavyomwita baba, na mzee yeyote wa umri wa baba. "Tata, nimetoka Kiogoro. Ni koni tu. Koni mbili."

Alilitazama gurudumu, na nikaona mkono wake ukisogea kulipokea. Kisha akaurudisha mfukoni, pamoja na ufunguo.

"Umechelewa, mwanangu. Nimefunga. Sabato inaingia."

"Jua liko kule juu!"

"Jua liko juu, na mimi sijaoga, sijapasua kuni, na ng'ombe hajakunywa. Ijumaa mimi hufunga saa kumi. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Mimi pia nilijua. Sisi ni Wakatoliki, lakini nani alikulia Kisii asijue Ijumaa jioni ni nini? Robo ya majirani zetu hawawashi jiko la kupikia kuanzia machweo hadi machweo. Nimekula chakula chao cha Jumamosi kilichopikwa Ijumaa maisha yangu yote. Na bado nilikuwa nimeichoma saa nzima nikigombania kalenda.

Sikuwa mpole. Nilimwambia kuna mzee atakayenyang'anywa kazi Jumatatu. Nilimwambia kuna kina mama kumi na mmoja. Nilimwambia robo saa ni robo saa tu, na kwamba Mungu ninayemfahamu mimi hana saa ya mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado."

"Utamalizia nyumbani. Mama Kwamboka ameshapika. Huwezi kurudi Kiogoro leo na hilo gurudumu, na mimi siwezi kukuacha barabarani."

Nilimpigia baba mdogo simu nikitegemea angalau yeye angekasirika pamoja nami. Alicheka mpaka akakohoa. "Ulifika kwa Msabato Ijumaa saa kumi? Moraa, wewe ni mtu wa wapi?"

Jumamosi, siku nzima, Ikonge. Nyumba ya Onchari iko juu kidogo ya soko, imezungukwa na chai upande mmoja na mboga upande wa pili. Mkewe, Mama Kwamboka, alinipa gauni lake la maua kwa sababu suruali yangu ya jeans ilikuwa na grisi, na tukaenda kanisani kwa miguu, mzee mbele na Biblia kwapani. Waliimba vizuri kiasi cha kuniongezea hasira. Nilikaa benchi la nyuma nikihesabu saa zilizobaki mpaka Jumatatu. Kila mara mzee alipogeuza shingo, nilimtumia jicho.

Baada ya chakula, ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu iliyolala na maziwa usiku kucha ikalainika, nilijaribu mlango wa nyuma.

"Tata, tuseme koni za namna hii, zinapatikana kweli?"

"Sabato," alisema.

"Siulizi ufanye kazi. Nauliza tu kwa kuzungumza."

"Mimi nikizungumza habu, nimeshaanza kazi. Mikono inafuata."

Mama Kwamboka, aliyekuwa anapanga vikombe, alicheka chini chini. "Usimsumbue, mwanangu. Mwaka fulani alikuja mtu mkubwa wa serikali na baiskeli ya mtoto wake. Alingoja hapo nje kama wewe. Tena yeye hakupewa gauni."

"Na alingoja?"

"Alingoja. Kwani ana mwingine?"

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko Sabato yenyewe. Kwani ana mwingine. Wilaya mbili zilizojaa vilima na watu wanaobeba, na ujuzi wa kitu kimoja umebaki katika vidole vya mtu mmoja, naye ana siku ya kupumzika kama binadamu wote. Nikauliza kama angalau jua likizama angefungua. Mzee alitikisa kichwa. Macho yake hayaoni goroli kwa taa, alisema, na goroli moja ikipotea sakafuni nitamlaumu yeye.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alipofungua kibanda chake, nilielewa kwa nini yule mama wa trei alisema hajatupa kitu. Ukutani zilining'inia habu kama matunda yaliyokaushwa, mamia, na kila moja ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu pamoja na mhimili wake, koni zake mbili, na goroli zake ndani ya kimfuko cha nailoni. Nilinyoosha mkono kuchukua koni moja iliyofanana na zetu. Aliniwahi.

"Hiyo siuzi peke yake."

"Nataka koni tu, tata. Tumesema koni tangu Ijumaa."

"Wewe ndiye umesema. Mimi sijasema kitu." Alikaa kwenye kigoda, akalaza gurudumu mapajani. "Koni na bakuli lake la ndani, pale goroli zinapolala, vimesagana miaka yote pamoja. Vimejuana. Ukileta koni ngeni kwenye bakuli la zamani, wiki mbili zimekulana. Mimi nikiokoa habu kutoka kwa baiskeli iliyokufa, naifunga yote kama ilivyolala. Ukitaka, unachukua familia nzima."

Alitoa mhimili wetu. Alizitazama hesi zilizokwanguka na uso wake ukakunjamana. "Hapa mtu alitumia nguvu."

"Mjini. Alisema imeingia."

"Wanauza vitu wasivyovijua," alisema, na kwa mara ya kwanza nikasikia ndani ya sauti yake hasira iliyolingana na yangu, ila yake ilikuwa ya zamani na imetulia. "Wananiletea mimi kila wiki. Hapa ni kama hospitali ya watu waliopigwa na daktari."

Kisha akaingiza kidole kidogo ndani ya habu, akakitoa, akakinusa. Akanusa tena. Akaniangalia.

"Mwenye baiskeli anabeba maziwa?"

"Ndiyo, tata. Ulijuaje? Nilikwambia?"

"Uliniambia mengi Ijumaa, sikumbuki yote. Nusa."

Nilinusa. Chini ya harufu ya chuma kulikuwa na harufu chachu, ya jikoni, ya kibuyu kilichosahaulika.

"Samli," alisema Mzee Onchari. "Huyu mtu anaipaka habu samli, kama mtoto mchanga! Samli inachacha, inakula chuma, inashika vumbi. Hizi koni hazikuliwa na milima. Zililiwa na nyumbani."

Alicheka mpaka akatoa kitambaa. Mimi sikujua niweke wapi uso wangu. Siku mbili nilikuwa nimeilaani biashara yote ya vipuri, na wote walistahili. Kumbe ugonjwa wenyewe tuliupakua sisi, kwa kijiko chetu. Nilihisi hasira ikitafuta mahali pa kukaa kama kuku aliyefukuzwa kwenye kiota.

Alipita ukuta mzima akilinganisha. Hakutumia rula. Aliuzungusha mhimili wetu, upande uliobaki mzima, kwa vidole viwili ndani ya koni za familia moja baada ya nyingine, na kila mara kabla haujakwama alikuwa ameshajua akaurudisha. Ya tisa ilikubali. Aliyang'oa mabakuli ya habu yetu kwa nyundo na kipande cha bomba, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka harufu ya jiko ikatoka, akaweka mabakuli ya familia ile kwa kuyagonga kuzunguka, polepole, huku ameinamisha sikio. Grisi, mhimili na koni za familia ile ile, goroli tisa upande mmoja, tisa upande wa pili, akizishindilia kwa kidole gumba. Kisha alianza kazi niliyoiona mara ya kwanza maishani: kukaza koni robo ya robo, kulegeza, kukaza tena, akishika mhimili kwa ncha za vidole.

Alipomaliza, alilishika gurudumu kwa mhimili, hewani, nozeli ya tairi ikiwa upande. Akaliachia. Nozeli, kitu kisicho na uzito wowote, ililivuta gurudumu lote lile zito chini, likapita, likarudi, likapita tena kidogo, likarudi, mpaka likatulia na nozeli chini kabisa. Ndani ya habu palikuwa kimya.

"Likikataa kufanya hivyo, bado," alisema. "Likikubali, nenda nyumbani."

Kabla sijaondoka alinipa kopo dogo la grisi, akakataa nililipie. "Hilo ni badala ya samli," alisema. "Mwambie samli amrudishie mkewe."

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Kiogoro. Baba mdogo alilipokea gurudumu kwa mikono miwili, akalizungusha, akasikiliza. Nilimkabidhi kopo pamoja na ujumbe. Alinikazia macho.

"Nani alimwambia ni samli?"

"Ilinuka, baba mdogo."

"Grisi ilikuwa imeisha! Na samli ilikuwa hapo, inateleza vizuri. Nilifikiri..."

Kutoka jikoni sauti ya mkewe ilitufikia kabla yake. "Kumbe! Miezi yote hiyo namlaumu paka!"

Tulilifunga gurudumu kabla ya giza, yeye akikaza nati, mimi nikishika, na mkewe akisimulia dirishani kila kipimo cha samli kilichowahi kupotea.

Jumatatu asubuhi. Kina mama wote kumi na mmoja walikuwa barabarani, na nadhani walikuwa wameambiwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza kitu. Walimimina tu, wakaangalia gurudumu. Baba mdogo alipanda. Mimi nilimfuata kwa pikipiki ya jirani, kwa sababu nilihisi nina haki ya kufika mlango ule. Alishuka mteremko uliolivunja gurudumu Alhamisi bila kushika breki zaidi ya ilivyohitajika, makopo yakiwa yametulia.

Tulipoingia uani mwa jiko, saa ya ukutani nyuma ya mpishi ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Na mlangoni alikuwa amesimama mtu wa pikipiki, na mitungi yake miwili ya plastiki ya manjano tayari imeshushwa.

Nilishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Nilisahau shikamoo. "Mama Bosibori, ulisema Jumatatu, saa moja! Bado haijafika saa moja!"

"Nilisema, ndiyo. Nilijua hamtafika," alisema, si kwa ubaya. "Ijumaa nikampigia huyu aje, kwa usalama."

"Kwa hiyo neno lako lilikuwa la nini? Mtu akitaja saa, ni saa!"

Bosibori aliitazama saa ya ukutani. Akamtazama baba mdogo, aliyekuwa bado ameshika usukani, jasho likimtiririka. Kisha akafunua kopo la kwanza, akachovya kijiko, akaonja.

"Nilisema saa moja," alisema. "Leteni ndani."

Nilitaka kushangilia. Lakini mtu wa pikipiki, kijana wa umri wangu, alikuwa amenigeukia mimi, si mpishi.

"Madam, mimi nimeamka saa tisa usiku. Mimi niliambiwa nije. Sasa hiyo saa yenu mnayoililia, na ile niliyoambiwa mimi ilikuwa ya nani?"

Hilo lilikuwa swali langu mwenyewe. Nililibeba hadi mlango wa bati kule Ikonge na kumtupia mzee aliyekuwa ameshika ufunguo, nikiamini hakuna mtu katika wilaya mbili aliyedhulumiwa kama mimi. Mzee yule alikuwa amenipa angalau chakula; mimi kijana huyu sikuwa na cha kumpa.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni haya. Wanaouza gurudumu zima kwa anayeomba koni wanatunyang'anya vitu tunavyojua kuvitengeneza, na anayesema imeingia wakati imekwama anaua kitu kinacholisha watu. Lakini nilichorudi nacho kutoka safari ile, mbali na habu, ni kwamba hasira yangu ilinigharimu saa moja mjini, na saa ile ikanigharimu siku mbili. Tangu hapo nikikasirika naangalia kwanza ni saa ngapi na ni siku gani.

Baba mdogo ndiye aliyemjibu yule kijana. Aliweka makopo matupu nyuma ya baiskeli, akayafunga kwa mpira, akapanguza mikono.

"Kuna hoteli pale chini," alimwambia. "Mwenyewe ananiomba maziwa zaidi kila siku na mimi sina. Funga mitungi yako, nikuonyeshe mlango."

"Uko na baiskeli, mzee. Nielekeze tu, nitafika."

"Huwezi kuuona ukienda mbio. Nifuate."

Wakatoka getini hivyo, baba mdogo mbele akikanyaga bila haraka, na pikipiki nyuma yake ikinguruma kwa gia ya kwanza.